Mume anataka nusu ya hela ya urithi wa marehemu baba yangu, sheria inasemaje?

MamaWawili_Dom:

Habari zenu wakuu. Naombeni tuongee kistaarabu maana hili jambo limeniumiza kichwa na wiki hii mizaha siiwezi.

Mimi na mume wangu tunaelekea kuachana. Tulifunga ndoa bomani 2012, tuna watoto wawili, yeye ana duka la spea za pikipiki mimi ni fundi cherehani na nilikuwa nauza vitenge pia. Baba yangu alifariki 2017, mirathi ikafunguliwa mahakama ya mwanzo kwetu Tabora, kaka yetu mkubwa akawa msimamizi, nyumba ya mzee ikauzwa 2019 tukagawana watoto wote, mimi nikapata milioni 38, ikaingia kwenye akaunti yangu ya benki ambayo ni ya jina langu peke yangu tangu sijaolewa.

Sasa kwa kuwa kipindi kile tunapendana hata sikuwaza kitu. Milioni 22 tukajengea fremu tatu za maduka mbele ya nyumba tunayoishi. Kiwanja ni chake, alikinunua kabla hajanioa, hati ina jina lake, naolewa nilikuta vyumba viwili tu havina hata dari, hiyo nyumba kubwa tumeipandisha wote. Kama milioni 6 ikaenda kwenye ada na mama mkwe alivyofanyiwa operesheni ya nyonga. Milioni 10 iliyobaki nikaiweka benki akaunti ya muda maalum, ikiiva naizungusha tena, sijaigusa mpaka leo.

Juzi tumeitwa kikao upande wa kwao. Baba yake mdogo akasema mwanamke akishaolewa anakuja na vyake na vyote vinakuwa vya nyumba ile, kwahiyo hiyo milioni 10 tugawane nusu kwa nusu, ila fremu hazigawanywi kwa sababu kilichojengwa kwenye ardhi ni cha mwenye ardhi. Yaani changu ni chetu halafu chake ni chake. Mume wangu yuko pale anatingisha kichwa tu. Nikauliza na ile ya operesheni ya mama je, mmoja akacheka kabisa.

Nauliza, ni kweli hela ya urithi inagawanywa? Na zile fremu nimeshazipoteza? Anayejua sheria anisaidie, anayejua mila tu naye aseme ila aseme kwamba ni mila.

kobe_hana_haraka:

Pole sana dada. Huyo baba mdogo muulize na yeye mke wake alivyokuja na vyake aliviandika wapi.

WakiliMtaani:

Dada pole. Nitajibu kwa urefu kidogo vumilia, na hii haimaanishi usitafute wakili akae na karatasi zako mkononi.

Sheria inayohusika hapa ni Sheria ya Ndoa ya 1971, na hii haichagui dini wala kabila, ndoa ya bomani, kanisani, msikitini, ya kimila, wote mnakutana humo. Kifungu cha 114 ndicho kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali watu wakiachana, sasa soma kinachosema: mali zilizopatikana wakati wa ndoa KWA JUHUDI ZA PAMOJA. Hayo maneno ya mwisho ndio watu wengi wanayaruka. Wanasikia "wakati wa ndoa" wanaishia hapo, wanadhani chochote kilichoingia ndani ya nyumba kuanzia siku ya harusi kinakatwa katikati. Hapana. Nyumba ya marehemu baba yako Tabora mumeo aliijenga? Aliichangia? Hakuchangia hata tofali. Ilikufikia kwa sababu wewe ni mtoto wa marehemu, ungekuwa umeolewa na mtu mwingine ungeipata vilevile. Na kifungu cha 58 kinasema wazi kuwa ndoa peke yake haihamishi umiliki wa mali ya mke kwenda kwa mume wala ya mume kwenda kwa mke. Kwahiyo ile nadharia ya "anakuja na vyake vinakuwa vya nyumba ile" kwenye sheria ya nchi haipo.

Milioni 10 iliyoko benki basi ndio rahisi kuliko zote. Ina jina lako, haijachanganywa na hela yoyote, na inaonekana ilikotoka. Kifungu cha 60 kinasema mali ikiwa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni yake mpaka mwingine athibitishe vinginevyo, yaani mzigo wa kuthibitisha ni wa mumeo sio wako. Atathibitisha na nini? Hana.

Fremu ndio penye kazi, na hapa naomba usisikilize mitaa. Ile hoja ya mwenye ardhi ndio mwenye jengo haimalizi kesi ya ndoa, kwa sababu kifungu hichohicho cha 114, kifungu kidogo cha 3, kinasema mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa nayo inahesabika kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili wakati wa ndoa. Kiwanja chake cha vyumba viwili leo kina nyumba kubwa na fremu tatu. Sasa kama hayo sio maendelezo sijui ni nini. Mahakama itaangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, na madeni kama yapo, na mahitaji ya watoto. Milioni 22 yako inaingia hapo kama MCHANGO. Ila uelewe hairudi kwako kama milioni 22 ya urithi, hapana, ile haipo tena, imeshageuka tofali na bati. Unachodai ni sehemu yako katika thamani ya kile kilichojengwa, na kinaweza kuwa zaidi ya ulichotoa au pungufu, inategemea na tathmini.

Ya ada na ya mama mkwe nisikudanganye, hiyo ilishaliwa. Mahakama inagawa mali iliyopo. Unaweza kuitaja kuonyesha ulikuwa mtu wa kubeba nyumba lakini usiende ukidai milioni 6.

BabaNasra77:

Wakili heshima yako ila hapa mnatuonea sisi wanaume. Mwanamke akirithi ni chake. Mwanaume akirithi shamba kwa baba yake, mke akilima misimu miwili mitatu akiachika anadai. Mbona hii sheria ina upande mmoja?

WakiliMtaani:

@BabaNasra77 sheria haijasema mwanamke popote kwenye hicho kifungu kaka, inasema upande mmoja na upande mwingine. Shamba lako la urithi ni lako. Mkeo akiligeuza, pori likawa mashine ya kuvuna hela, anadai kile alichoongeza, na wewe ukitia hela yako kwenye nyumba aliyorithi mkeo unadai vilevile. Nimeshamwona mwanaume Tanga aliyebadilisha paa lote, akaweka madirisha ya aluminiamu, akachimba kisima kwenye nyumba ambayo mke aliachiwa na mama yake. Nyumba ilibaki ya mke, mwanaume akapewa fidia ya alichoweka. Alikuwa anataka nusu ya nyumba, hakupata nusu, lakini hakutoka mikono mitupu.

Chalii_wa_Machame:

Hapo kwenye shamba nichangie kidogo maana kwetu Kilimanjaro hii ni kila siku. Kihamba ni cha ukoo, baba anampa mtoto wa kiume, na wazee wako radhi wafe kuliko kuona kinauzwa kwa sababu watu wamezikwa humo. Sasa mama mmoja jirani yetu aliolewa akakuta kihamba kimezeeka, kahawa hazina kitu, yeye ndio aliing'oa mibuni ya zamani, akaweka migomba mipya, akajenga banda la ng'ombe wa maziwa, akavuta na maji. Mume yuko Arusha huko anakuja Krismasi. Walivyoachana ukoo ukasema hana kitu chake pale, akaenda kortini. Hakupewa kihamba, na nadhani hata yeye hakukitaka angeishije katikati ya mashemeji, ila alilipwa fidia ya migomba, banda, ng'ombe na miundombinu ile. Mume ilibidi auze gari.

Kwahiyo mila zinaangaliwa ndio, hata hicho kifungu cha 114 kimetaja mila za jamii ya wahusika, lakini mila ni kitu kimoja kati ya vingi vinavyopimwa. Haiwi kwamba mzee akishakohoa kikaoni mambo yameisha.

Ustadh_Kombo:

Assalam aleykum. Dada hajasema dini yake na ndoa ni ya bomani lakini niseme kwa faida ya wengine wanaosoma. Kwenye Uislamu hili jambo lilishakatwa zamani sana. Mali ya mke ni ya mke. Aliyorithi kwa baba yake, mahari yake, faida ya biashara yake, mume hana hata senti humo labda mke atoe kwa ridhaa yake mwenyewe. Suratun Nisaa aya ya 32 imesema wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Na matunzo ya nyumba ni juu ya mume hata kama mke ni tajiri. Kwahiyo mwanaume wa Kiislamu anayekaa kikaoni kudai nusu ya mirathi ya mke wake ajue anadai kitu ambacho dini yake haimpi.

shangazi_hana_baya:

Ustadh umesema vizuri lakini hapohapo wapo wanaotumia hiyo hoja kumnyima mwanamke aliyelea watoto miaka ishirini, wanasema kila mtu na chake halafu "chake" cha mwanamke ni sufuria mbili.

WakiliMtaani:

@shangazi_hana_baya ndio maana kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu inakumbukwa mpaka leo. Mahakama ya Rufani mwaka 1983 ikasema kazi za nyumbani, kupika, kufua, kulea, ni mchango kwenye kupatikana kwa mali za ndoa. Kabla ya hapo mahakimu walikuwa wanavutana, wengine wanasema mwanamke alikuwa anatimiza wajibu wake tu. Watu wengi hawajui mwisho wake lakini: Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, kwa sababu mahakama iliona mume alikuwa ameshampa hela kwa ajili ya mradi wa familia na yeye akazitapanya. Kanuni aliyoiacha imesaidia wanawake kibao, yeye akatoka patupu.

Na siku hizi Mahakama ya Rufani imekazia sana ushahidi. Kesi ya Gabriel Kurwijila na Theresia Malongo, walisema kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, lazima uonyeshe. Sio kwamba mnagawana nusu kwa nusu kwa kuwa mlikuwa mnalala kitanda kimoja. Kwa hiyo dada @MamaWawili_Dom swali langu ni moja, ile milioni 22 ilitokaje kwenye akaunti yako kwenda kwenye fremu? Nijibu kwa undani.

Nyota_ya_Pwani:

Poleni sana majirani. Mimi niko Mombasa, nitie neno la huku kwetu mtu asije akachanganya sheria maana naona watu wananakili mambo ya Kenya wakidhani ni ya Bongo.

Huku tuna sheria yake mahsusi, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kifungu cha 5 chasema kabisa kwamba mali uliyonunua au kurithi kabla ya ndoa haiingii kwenye mali ya ndoa. Sasa kama huyu dada angekuwa Kenya, yeye karithi AKIWA kwenye ndoa, hapo mawakili ndo wavutana, ila kifungu cha 6 chataka mali iwe imepatikana na kumilikiwa kwa pamoja, isipokuwa nyumba ya ndoa na vyombo vya ndani ambavyo vimetajwa peke yake. Urithi wa babako haukupatikana kwa pamoja. Kisha kifungu cha 9 ni kama hicho chenu, ukiboresha mali ya mwenzio wapata haki sawa na ulichochangia. Na kuchangia kwetu sheria yenyewe imeeleza ni nini, kazi za nyumbani, kulea watoto, hata kumliwaza mwenzio ni mchango, sio utani imeandikwa.

Jambo jingine, huku unaweza kuandikiana mkataba kabla ya ndoa, kila mtu akasema hiki changu. Na Waislamu twaruhusiwa kufuata sheria ya dini kwenye mali ya ndoa. Nusu kwa nusu nayo watu walikuwa wakiitegemea sana kwa ajili ya katiba, hadi Mahakama ya Juu mwezi wa kwanza 2023 ikasema usawa wa kwenye katiba haumaanishi kugawana katikati moja kwa moja, kila mtu aonyeshe mchango wake. Ingawa kwenye kesi ileile walioshtakiana waliishia kupata nusu nusu, kwa vile wote wawili walithibitisha.

BabaNasra77:

Kumliwaza mwenzio ni mchango 😂😂 Hakimu anapimaje?

Nyota_ya_Pwani:

@BabaNasra77 uliza wakeo.

MamaWawili_Dom:

Asanteni jamani nimesoma zote, nyingine mara mbili. @WakiliMtaani hela ilitoka hivi: milioni 9 nilitoa taslimu kaunta nikampa mkononi, tuliagiza tofali, nondo na saruji kwa jumla. Milioni 8 nilihamisha kutoka benki kwenda kwenye akaunti yake kwa sababu alisema yeye ndio anajua wauza vifaa. Milioni 5 nilikuwa namlipa fundi mimi mwenyewe kwa simu kila Jumamosi, na wale wa milango ya geti pia. Risiti za duka la vifaa karibu zote zina jina lake, wauzaji walikuwa wanaandika jina la baba mwenye nyumba bila hata kuuliza. Hatujaandikiana chochote. Nani anaandikishana na mume wake?

Halafu kuna kitu kimeniogopesha zaidi. Mpangaji wa fremu ya katikati kaniambia mume wangu ameleta watu wawili kuangalia, wanapima na futi, anataka kuuza kipande cha mbele chote na fremu zake.

WakiliMtaani:

Asante kwa kueleza vizuri. Nianze na hilo la kuuza kwa kuwa ndilo linalokimbia. Fremu ziko mbele ya nyumba mnayoishi, kiwanja kilekile, hati ileile, si ndio? Basi hiyo ni nyumba ya ndoa. Kifungu cha 59 kinakataza mwenye jina kwenye hati kuuza, kugawa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa bado ipo. Na kinakupa haki ya kuweka zuio kwa msajili wa hati. Fanya hilo wiki hii, usisubiri kesi. Nenda ofisi ya ardhi ya mkoa na cheti cha ndoa, nakala ya hati kama unayo hata picha, kama huna namba ya kiwanja na kitalu. Pia mwandikie mwenyekiti wa mtaa barua, hakikisha amegonga muhuri nakala yako, kwa sababu mauziano mengi ya vipande yanapitia kwake, akijua kuna mgogoro hatasaini kirahisi. Hao wanunuzi nao wakijua kabla hawawezi kuja kusema walinunua kwa nia njema.

Sasa hela. Wakili wa mumeo akiwa mjanja hatasema hukutoa. Atasema ULIMPA ZAWADI. Kuna kifungu cha 61, kitu kikitolewa na mke kwa mume au mume kwa mke kinachukuliwa kuwa ni cha aliyepewa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ile milioni 8 uliyohamisha kwenye akaunti yake wataipigia hapo. Jibu lake ni kuonyesha ilikuwa ya ujenzi. Angalia kama ujumbe wa wasap wa kipindi kile upo, "leo nimetuma ya nondo", "bati zimepanda bei", hata akikujibu "sawa mama" tu inatosha kuonyesha mlikuwa mnajenga pamoja. Ziangalie tarehe, hela imetoka benki kwako tarehe fulani na risiti ya duka yenye jina lake ni siku mbili baadaye na kiasi kinakaribiana, hapo jina lililo kwenye risiti halina nguvu tena.

Milioni 5 ya fundi ndio ushahidi wako mzuri kuliko vyote. Chukua taarifa ya miamala ya simu ya miezi ile yote, majina ya mafundi yataonekana. Fundi mwenyewe yupo? Aje kama shahidi, mahakamani fundi ni shahidi mzuri sana kwa sababu anakumbuka nani alikuwa anamlipa.

Na usisahau chanzo. Mwambie kaka yako akupe nakala ya fomu namba 5 na namba 6 alizorudisha mahakama ya mwanzo wakati anafunga mirathi, ile ya orodha ya mali na ile ya hesabu ya mgawanyo. Hapo pana jina lako na kiasi chako na muhuri wa mahakama. Ukiweka hizo karatasi juu ya taarifa ya benki hakuna wa kusema hiyo hela ilitoka kwenye duka la spea.

kobe_hana_haraka:

Kumbe kaka mwenye mirathi hakuwa mbaya. Wengi wanaishia kugawana chini ya mwembe hakuna hata karatasi, siku likitokea hili unabaki kuapa tu.

shangazi_hana_baya:

Swali kwa wakili. Je kama angechanganya yote, yaani hela ya urithi iingie akaunti ya pamoja, ikatumika na mshahara na mauzo ya duka kwa miaka, ikabaki kidogo. Bado angesema hii iliyobaki ni ya baba yangu?

WakiliMtaani:

@shangazi_hana_baya angekuwa na kazi ngumu mno. Akaunti ya majina mawili inachukuliwa ni ya wote na kwa sehemu sawa, ndio sehemu nyingine ya kile kifungu cha 60. Kisheria anaweza kupinga lakini utaanzia wapi kutenganisha shilingi ya baba na shilingi ya vitenge baada ya miaka sita. Urithi ukiuacha peke yake unabaki urithi. Ukiutia kwenye kitu cha pamoja unakuwa mchango, na ukishaliwa umeliwa. Mimi wateja wangu wengi wako kwenye hilo la katikati na wanakuja wakidhani wako kwenye la kwanza.

Mgosi_wa_Diaspora:

Nipo Uingereza huku na huu mjadala ni uleule, tena mwaka 2025 Mahakama yao ya Juu imetoa hukumu kwenye kesi ya wanandoa wa Standish. Wamesema mali ambayo sio ya ndoa, urithi ukiwemo, haigawanywi kwa kanuni ya kugawana, na ili igeuke kuwa ya ndoa lazima ionekane wenyewe wameichukulia kama ya wote kwa muda. Ila kuna mlango wa nyuma, mali za pamoja zisipotosha mahitaji ya mwenzako na watoto, jaji anaweza kuugusa hata urithi. Matajiri ndio wanafaidi hiyo kanuni, sisi wengine ambao nyumba ni moja na mkopo wake, mahitaji yanameza kila kitu.

BabaNasra77:

Dada mimi nimebisha bisha hapo juu ila hilo la kuuza kipande kimyakimya hata mimi siliungi mkono. Fremu zina wapangaji, kodi anakusanya nani?

MamaWawili_Dom:

@BabaNasra77 anakusanya yeye tangu mwanzo, laki moja na nusu kila fremu kwa mwezi, mimi nilikuwa naambiwa inaenda kwenye mzigo wa duka.

WakiliMtaani:

Hiyo kodi itaje kwenye madai, na kama mikataba ya wapangaji ipo pata nakala. Mzigo wa duka ulionunuliwa na kodi za fremu ulizojengea wewe nao sio wa peke yake, hapo umenifungulia ukurasa mwingine kabisa.

Utaratibu sasa. Kikao cha ukoo kisheria hakihesabiki. Unatakiwa upite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la dini, wakishindwa kuwapatanisha wanakupa hati, ile fomu namba 3, ndio unafungulia shauri la talaka. Bila hiyo kesi inaweza kutupwa hata kama mmeshafika mbali, nimeona watu wanarudishwa mwanzo baada ya miaka. Shauri unaweza kufungua mahakama ya mwanzo, ya wilaya au hata Mahakama Kuu, zote zina uwezo. Kwa jinsi kesi yako ina vifungu na hesabu ningekushauri ya wilaya uende na wakili, kama hela ya wakili ni shida kuna mashirika ya msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ustawi wa jamii wilayani watakuelekeza. Na mgawanyo wa mali unakuja mahakama ikishatoa talaka au kutengana, kwahiyo milioni 10 yako iache hapohapo ilipo. Usiikimbize kwenye akaunti ya kaka wala mdogo wako, kuna watu watakushauri hivyo. Ni yako, na ukianza kuihamisha hamisha utaonekana unaficha.

teller_wa_zamani:

Nimefanya kazi benki miaka kadhaa, nikuongezee hapo kwenye taarifa. Usiombe ile ya kwenye programu ya simu, haifiki 2019. Nenda tawini na kitambulisho, andika barua ya kuomba taarifa ya akaunti kuanzia mwezi ile hela ilipoingia mpaka fremu zilipoisha, omba iwe na muhuri na sahihi kila ukurasa. Na ile hati ya kutoa taslimu milioni 9, omba nakala yake pia, watu wengi huwa tunawauliza sababu ya kutoa hela nyingi na wengine huandika pale. Inawezekana uliandika "ujenzi" na umesahau.

MamaWawili_Dom:

Mungu wangu. Nakumbuka yule dada wa kaunta aliniuliza. Kesho saa mbili niko pale.